SOMO: Lini utume fomu I-751 kuondoa masharti kwenye kadi ya ukaazi ya ndoa (soma mpaka chini kabla ya kuuliza)

Haipiti wiki bila ujumbe uleule kuingia: "Kaka, kadi yangu ya miaka miwili inakaribia kuisha, nitume lini?" Nimeandika hapa mara moja, atakayenifuata inbox nitamrushia kiungo cha somo hili. Mambo haya ni ya Marekani tu. Mimi si wakili, na wenye kesi ngumu (polisi, mahakama, kufukuzwa nchini) wamtafute wakili wa uhamiaji, siyo mimi.

Kwanza hakikisha linakuhusu. Tazama kadi yako. Kama imeandikwa CR1 au CR6 na uhai wake ni miaka miwili, una ukaazi wa masharti. Watoto walioingia kupitia ndoa hiyo huwa na CR2 au CR7. Kama ni IR1 au IR6, au umeingia kwa bahati nasibu ya DV, au kwa ukimbizi, funga ukurasa huu ukapumzike. Kinachoangaliwa ni umri wa ndoa siku ile ulipopata ukaazi: kama ndoa ilikuwa haijatimiza miaka miwili, unapewa masharti, hata muwe na watoto watatu na nyumba Kigamboni.

HATUA YA 1. Soma tarehe ya mwisho kwenye kadi. Siyo tarehe ya harusi, siyo tarehe ya viza.

HATUA YA 2. Hesabu siku 90 kurudi nyuma. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo bahasha yetu ilipogonga mwamba ikarudi nyumbani.

Sheria inasema mume na mke wanaowasilisha pamoja watume ndani ya siku 90 za mwisho kabla ukaazi wa masharti haujafikisha miaka miwili. Siku tisini. Siyo miezi mitatu. Watu wanasikia tisini wanarudi miezi mitatu kwenye kalenda, wanasahau kwamba Julai na Agosti zote zina siku 31. Mfano: kadi inaisha 15 Septemba 2026. Ukirudi miezi mitatu unaangukia 15 Juni. Ukihesabu siku 90 unaangukia 17 Juni. Bahasha ikifika tarehe 15 au 16 Juni imewahi, na inarudishwa. Si kwamba wanaiweka pembeni wakusubiri. Wanakurudishia mzigo mzima, na wewe huku wiki zinakwenda ukidhani mambo yako yako mezani kwa ofisa.

Jambo la pili: inayohesabika ni siku USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani) wanayoipokea, siyo siku uliyoikabidhi posta. Ukituma kwa usafirishaji wa haraka siku moja kabla ya dirisha kufunguka, unacheza na mpaka bila sababu. Tumieni kikokotoo cha tarehe mtandaoni, halafu ongezeni siku tano au sita ili bahasha ifike dirisha likiwa wazi kabisa. Upande wa mwisho nao usichezewe. Usipowasilisha chochote, ukaazi unakoma wenyewe siku ya miaka miwili, na unaweza kuandikiwa wito wa kwenda mahakama ya uhamiaji. Na usikae kungoja barua ya kukukumbusha. Tarehe iko kwenye kadi yako, kumbukumbu ni kazi yako.

Onyo kwa wanaotuma bila mwenzi (talaka, kifo, ukatili, dhiki kubwa mtakayopata mkirudishwa): dirisha la siku 90 si lenu. Ninyi mnaweza kutuma wakati wowote baada ya kupata ukaazi wa masharti. Msisubiri tarehe za wenzenu.

HATUA YA 3. Pakua fomu I-751 upya kutoka uscis.gov siku unayoijaza. Toleo la zamani hurudishwa.

HATUA YA 4. Ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli. Nakala ya kadi mbele na nyuma, kisha karatasi za maisha ya pamoja: kodi mliyowasilisha pamoja, mkataba wa pango au wa nyumba, taarifa za akaunti ya pamoja, bima ya afya na ya gari, mmoja kuwa mnufaika wa bima ya maisha ya mwenzake, vyeti vya watoto. Karatasi ziguse miaka yote miwili. Wengi wanaleta rundo la mwezi wa mwisho, na ofisa anaona wazi kwamba akaunti ilifunguliwa juzi. Picha za harusi ni nyongeza. Mshajua sisi na picha, watu wanapeleka albamu nzima na bili ya umeme hakuna. Kwa desturi zetu kuna kitu kizuri ambacho wengi hawakifikirii: miamala ya kutuma pesa kwa wakwe. Kama mwenzi wako Mmarekani amekuwa akimtumia mama yako Tanga kila Ramadhani na kila ada ya shule, hiyo inaonyesha undugu kuliko picha kumi za ufukweni.

HATUA YA 5. Wote wawili wasaini kwa kalamu. Jina lililochapwa kwa kompyuta halihesabiki kama sahihi yako.

HATUA YA 6. Ada ni dola 750 tangu 1 Aprili 2024, na alama za vidole zimo humo humo. Tangu 28 Oktoba 2025 kwa kawaida hawapokei tena hundi ya karatasi wala mani oda: unajaza G-1450 kulipa kwa kadi ya benki, au G-1650 wakate kwenye akaunti. Hakikisha ada kwenye tovuti yao siku ya kutuma.

HATUA YA 7. Skani kila ukurasa. Anwani ya kutuma inategemea jimbo unaloishi. Iko kwenye ukurasa wa fomu. Tuma kwa namba ya kufuatilia.

HATUA YA 8. Itakuja barua ya risiti, I-797. Hiyo ndiyo maisha yako kuanzia hapo. Tangu Januari 2023 barua hiyo inaongeza uhai wa kadi kwa miezi 48, ikihesabiwa kutoka tarehe ya mwisho ya kadi. Kadi iliyoisha pamoja na barua: unafanya kazi, unahuisha leseni, unasafiri. Msiitupe kadi ya zamani!

Maswali chini.

———

Mdau wa Columbus: Ahsante kwa somo mkuu. Kadi yangu inaisha 3 Oktoba, nitume lini?

Jibu: Hatua ya 2.

Mdau wa Columbus: Nimesoma ila hesabu zinanichanganya.

Jibu: Dirisha linafunguka 5 Julai. Itume ifike tarehe 10.

Mdau wa Houston: Mimi nilifunga ndoa Machi 2023 kwa hiyo miaka miwili ilishapita zamani. Bado natakiwa kutuma?

Jibu: Kadi yako inaandika nini?

Mdau wa Houston: CR1.

Jibu: Basi unatakiwa. Pale juu, kwenye "Kwanza hakikisha linakuhusu", nimesema inaangaliwa siku uliyopata ukaazi. Ndoa kukua baadaye hakuondoi masharti yenyewe.

Mdau wa Mombasa: Kaka shikamoo. Mume wangu ni raia wa Marekani, mimi bado niko huku. Viza imetoka wiki hii imeandikwa CR1. Ndoa yetu itatimiza miaka miwili mwezi ujao. Nimesoma hapo juu kwamba inaangaliwa siku ya kupata ukaazi. Sasa kwangu mimi siku hiyo ni ipi, ya viza au ya kuingia?

Jibu: Marahaba dada. Hilo ndilo swali nililokuwa nalingoja. Kwa anayetoka nje, siku ya ukaazi ni siku anayopokelewa mpakani, siyo siku ya viza. Kwa hiyo ukiingia kesho, unapata kadi ya miaka miwili na kazi yote hii ya I-751. Ukiingia baada ya ndoa kutimiza miaka miwili, hata kwa siku moja, ofisa wa mpakani anatakiwa akupokee kama IR1, na kadi yako ni ya miaka kumi bila masharti. Tazama tarehe ya mwisho ya viza kwanza; kwa kawaida ni hadi miezi sita na hufuata uhai wa vipimo vya afya, kwa hiyo huenda mwezi mmoja unao. Beba cheti cha ndoa mkononi, siyo kwenye begi la chini, umwonyeshe ofisa tarehe kwa adabu na umwombe abadilishe. Akikosea na kadi ikaja CR1, mnaomba irekebishwe kwa fomu I-90, na kosa likiwa lao hulipi.

Mdau wa Mombasa: Allah akulipe kheri. Tiketi nilikuwa nainunua leo jioni.

Jibu: Isogeze.

Mdau wa Minneapolis: Nauliza tu kwa udadisi, hii miaka miwili waliitoa wapi?

Jibu: Sheria ya 1986 ya kupambana na ndoa za karatasi. Rais Reagan aliisaini Novemba mwaka huo. Kabla yake ukioana na raia ulipata ukaazi bila masharti haya. Bunge lao likaona bora ndoa changa ijaribiwe: miaka miwili, halafu mje mwonyeshe kama bado mko pamoja. Na sheria hiyohiyo ndiyo yenye adhabu ya kifungo hadi miaka mitano na faini hadi dola 250,000 kwa anayeoa au kuolewa ili kukwepa sheria za uhamiaji.

Mdau wa Dallas: Mke wangu (raia) tumegombana, amehama, anataka dola 5,000 ndipo asaini. Kuna jamaa anasema nimsainie mwenyewe, hawaangalii. Mnaonaje?

Jibu: Usithubutu. Sahihi ya kughushi itakuharibia hata kesi ambayo ungeshinda, na huyo jamaa hatakwenda na wewe kwenye mahojiano. Pesa usitoe pia. Sahihi yake si mlango pekee. Mkiachana kisheria, unatuma peke yako kwa kuomba msamaha wa sharti la kuwasilisha pamoja, ukionyesha ndoa ilianza kwa nia njema. Kama kesi ya talaka imefunguliwa lakini hukumu bado, unaweza kutuma, nao watakuandikia wakidai hukumu ndani ya muda maalumu. Tafuta wakili wiki hii.

Mdau wa Dallas: Lakini talaka nilishampa, mbele ya sheikh na mashahidi wawili.

Jibu: Kwa dini yenu ni sawa. Kwa USCIS, ukiwa unaishi Texas, inahesabika hukumu ya mahakama ya jimbo. Barua ya sheikh iweke kama kielelezo, lakini haitasimama badala ya hukumu. Wengi wetu tunakwama hapa.

Mdau (ameomba asitajwe mji): Kama mtu anapigwa na mume, na mume ndiye kaficha kadi yake?

Jibu: Dada yangu, kama ni wewe au ni rafiki yako, jibu ni lilelile: njia ya ukatili ipo ndani ya fomu hiyo hiyo, haihitaji sahihi ya mume, haihitaji kusubiri talaka wala zile siku 90, na si lazima uwe na ripoti ya polisi. Barua ya daktari, ya mshauri, ya jirani, picha, ujumbe wa simu, vyote vinapokelewa. Simu ya taifa ya ukatili wa nyumbani ni 1-800-799-7233, bure, na wana wakalimani. Sema tu "Swahili". Piga ukiwa mahali salama, na kwa simu asiyoishika yeye.

Mdau wa Seattle: Kadi iliisha miezi miwili iliyopita, nilikuwa busy na shifti. Nifanyeje?

Jibu: Tuma sasa, siyo wikendi. Waliochelewa kuwasilisha pamoja lazima waambatishe barua ya sababu ya msingi na ushahidi wake. Kulazwa hospitali ni sababu. "Busy" siyo. Kaa na wakili muone una nini cha kweli cha kueleza, na usipande ndege yoyote kabla ya hapo.

Mdau wa Seattle: Mbona mkali mkuu?

Jibu: Sijakasirika. Ila wewe unaulizia tiketi ya Desemba kwenye uzi mwingine, nimeiona.

Mdau wa Louisville: Mwanangu wa kambo alikuja miezi mitano baada ya mama yake. Anaingia kwenye fomu ya mama?

Jibu: Hapana. Angepata ukaazi siku moja na mama au ndani ya siku 90 baada yake angeingia. Miezi mitano ni fomu yake na ada yake. Na tarehe yake ni ya kadi yake, usitumie ya mama.

Mdau wa Columbus: Mkuu, cheti chetu cha ndoa ni cha Kiswahili kitupu. Nitafsiri mwenyewe?

Jibu: Kila karatasi isiyo ya Kiingereza inahitaji tafsiri kamili, na mfasiri aandike na kusaini kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi. Hawadai mhuri wa mtu yeyote. Ila isiwe wewe mwenye kesi. Mpe rafiki anayeandika Kiingereza safi.

Mdau wa Minneapolis: Mimi nimeolewa na raia na mwaka wa tatu unafika I-751 yangu bado iko kwao. Nisubiri ndipo niombe uraia?

Jibu: Huhitaji kusubiri. Miaka ya kadi ya masharti inahesabika yote. Kama mmekaa pamoja kama mume na mke kwa miaka hiyo mitatu na mwenzi amekuwa raia muda wote huo, unaweza kutuma N-400 (fomu ya kuomba uraia) siku 90 kabla ya kutimiza mitatu. Kwa kawaida hapo I-751 inatolewa uamuzi kwanza, mara nyingi siku hiyohiyo ya mahojiano. Nenda na mwenzi wako hata kama barua haikumtaja.

Mdau wa Houston: Vipi uwanja wa ndege Dar wakati wa kurudi? Ndugu yangu walimsumbua, kadi imeisha tarehe.

Jibu: Beba barua ya I-797 yenyewe, siyo picha ya simu. Mtu wa kaunta anasoma tarehe ya kadi tu. Mwoneshe mstari wa miezi 48, na kama haelewi mwombe msimamizi wake. Fika saa moja zaidi ya kawaida.

Mdau wa Houston: Nimehama pia mwezi uliopita, nimewaachia posta anwani mpya.

Jibu: Haitoshi. Badilisha kwa USCIS wenyewe mtandaoni. Sheria inakupa siku 10 tangu kuhama. Fanya leo halafu hifadhi uthibitisho.