Jinsi ya kuomba jiwe la kaburi la bure kwa askari Mweusi wa vita ya 1861 hadi 1865 Marekani

Ukioa au kuolewa kwenye familia ya Wamarekani Weusi, ipo siku utaambiwa babu yao mmoja alipigana ile vita iliyomaliza utumwa, halafu ukiuliza kazikwa wapi unaonyeshwa kichaka. Mimi alinipeleka mama mkwe, huko Virginia, nikakuta udongo umetitia kidogo na mmea wa yucca, basi. Jiwe serikali inatoa bure ila haikutafuti, lazima uombe.

Anza na kikosi. Askari Weusi walikuwa kama 179,000, wengi chini ya United States Colored Troops (USCT), yaani vikosi vya askari Weusi. Tafuta jina kwenye kanzidata ya wanajeshi ya National Park Service (shirika la hifadhi za taifa), ni bure. Majina yanasumbua lakini, mtu kaingia jeshini na jina la aliyemmiliki, vita ikiisha anajiita lingine, kwa hiyo jaribu spelingi zote.

Halafu faili la pensheni, kama yeye au mjane aliomba, na hapa usiwe na haraka. Liko National Archives (nyaraka za taifa), unaagiza kwa fomu NATF 85D, mimi nililipa dola 80 kwa kurasa 100 za mwanzo. Inauma, ila ndoa za watumwa sheria haikuzitambua, kwa hiyo mjane ilibidi alete majirani waape kwamba waliwaona wakiishi mke na mume, na humo ndo unakuta majina ya watoto, shamba walilotoka, hata aliyewamiliki. Sensa ya 1860 haikupi hayo, watumwa wameandikwa umri, jinsia na rangi tu chini ya jina la aliyewamiliki, majina yao yanaanza kuonekana 1870.

Sasa fomu ya jiwe lenyewe, VA 40-1330 (VA ni idara ya serikali ya maveterani, ndo wanaotoa jiwe). Kwa aliyemaliza jeshi kabla ya 6 Aprili 1917 mtu yeyote anaruhusiwa kuomba, ndo maana hata vikundi vya mtaa vinavyofyeka makaburi yaliyotelekezwa vinaomba. Ambatanisha rekodi ya jeshi na kitu kinachoonyesha kazikwa pale, mfano cheti cha kifo au daftari la kanisa. Tuma kopi, orijino baki nazo. Kaburi liwe halina jiwe, likiwa nalo hupati. Sisi tulikwama kwenye sahihi ya msimamizi wa makaburi, maana hakuna aliyejua eneo ni la nani, tukaenda kaunti kufukua hati za kiwanja.

Usafiri wanalipa wao, kulisimamisha kwenye makaburi binafsi ni juu yenu. Anwani ya sanduku la posta hawataki, awepo mtu wa kupokea, tena na vijana wenye nguvu, jiwe lina inchi 42 na paundi kama 230. Na kabla hujatuma hakikisha jina na wazee wote, wajomba zetu walibishana wiki mbili kisa herufi moja, wengine wanaandika na e mwishoni wengine hawaiandiki.