Kapu la mwisho wa masika: kipi kitangulie sufuriani

Masika yakiisha, kapu la mboga unalolipia kila wiki kutoka shamba la karibu hubadilika sura. Majani ya maboga yamekakamaa, bamia zimepitiliza, na nyanya zimechumwa kijani kwa sababu mashina yanang'olewa. Wengi hukimbilia kuongeza viungo. Kasoro huwa kwenye mpangilio: kuna kitu kimewahi kuingia sufuriani.

Anza na majani ya maboga, maana hayangoji. Vunja kikonyo chini bila kukikatisha, kisha uvute kuelekea kwenye jani. Ngozi yenye vinyweleo hubanduka na nyuzi zake. Ukiruka hatua hii, hakuna moto utakaokuokoa. Katakata nyembamba. Kwa nusu kilo, chemsha maji vikombe 1½ na chumvi nusu kijiko cha chai, tia majani, uyapike dakika 10 hadi 15. Bonyeza kipande cha kikonyo kwa vidole: kikipondeka, ndipo utie kitunguu na nyanya. Nyanya zikitangulia, ukali wake huzuia majani kulainika. Utapika nusu saa na bado utatafuna karatasi.

Karanga zifuate. Gramu 100 za karanga zilizosagwa, zikoroge pembeni na kikombe 1 cha maji baridi hadi ziwe uji mwepesi. Unga mkavu ukiumwaga kwenye mboga inayochemka hushika mabonge. Punguza moto, koroga hadi chini kabisa kwa dakika 10 hivi, mpaka mafuta yaanze kuonekana juu. Ukisikia harufu ya kuungua, usikwangue: hamishia mboga kwenye sufuria nyingine, uache ukoko ulipo.

Na magadi? Robo kijiko cha chai inatosha kwa nusu kilo ya majani. Yakizidi, mboga inakuwa uji wenye ladha ya sabuni. Ukiyatia pamoja na nyanya yatatoa povu tu na nguvu itaishia hapo.

Nyanya za kijani zina aina mbili, na kisu ndicho kinachozitofautisha. Kata moja katikati. Mbegu zikiteleza kando bila kukatika, nyanya imekomaa: wenzake wa ukubwa na rangi hiyo wapange kwenye boksi na ndizi mbivu moja, wataiva. Wasikae kwenye friji, baridi huwazuia kuiva. Mbegu zikikatika pamoja na nyama yake, hizo bado changa, zifanye achari. Kilo 1 iliyokatwa vipande, chumvi vijiko 2 vya chakula, ilale usiku kucha, kisha mwaga maji yote yaliyotoka. Ukiyaacha, achari itakuwa chapwa na ya majimaji. Pika na siki kikombe 1, sukari vijiko 3 vya chakula, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili kwa dakika 15. Iweke kwenye chupa safi, kisha kwenye friji.

Bamia ipinde ncha. Ikikatika "tak", pika. Ikipindana tu, imeshaota nyuzi na haitalainika hata ukiichemsha mpaka jioni. Ipasue, toa mbegu: zikiwa nyeupe na laini, zipike na kunde mbichi. Zikishakuwa nyeusi ni za kupanda, mradi bamia yenyewe si chotara.

Majani ya kunde yakizidi, yakaushe. Yachovye kwenye maji yanayochemka dakika 2, yachuje, uyatandaze kwenye ungo kivulini penye upepo, juu yake kitambaa chepesi cha kuzuia nzi. Jua kali hupausha majani na kuharibu vitamini A. Yako tayari yakivunjika yanapofikichwa. Yakipindana bado yana unyevu, na ndani ya chupa yataota ukungu. Siku ya kuyapika, yaloweke dakika 20 kwenye maji ya vuguvugu, kisha fuata njia ileile ya majani ya maboga, nyanya zikisubiri zamu yake.