Vipele vya ndevu na madoa yake: maelekezo ya kinyozi wa Tandika

Bosi akikaa kwenye kiti changu akasema "toa zote, nataka kidevu king'ae," huwa namgeuzia uso kwenye taa kwanza. Nikiona vipele namwambia leo sitoi zote. Wengine huinuka wakaenda saluni ya jirani. Sawa tu. Na mimi kidevu changu kiliwahi kuwa kama ganda la fenesi, najua ninachokikataa.

Nywele zetu zimejikunja. Wembe ukizikata chini kabisa, ncha inabaki kali kama sindano, na inapoota inajikunja na kuchoma ngozi upya. Ngozi inavimba kana kwamba imeingiwa na mwiba. Chunusi za kawaida asili yake ni nyingine: mafuta na ngozi iliyokufa huziba kitundu cha unywele. Ila wateja wangu wengi wana vyote viwili, na dawa zake karibu ni zilezile.

Kwa hiyo anza kwa kuacha wembe wiki nne. Wiki ya pili utawashwa na utataka kuvunja kiapo. Vumilia, maana hapo ndipo nywele zinapojichomoa zenyewe. Usizing'oe kwa kibanio. Baada ya hapo punguza kwa mashine tu, yenye kifuniko namba moja, kinachobakiza milimita tatu hivi. Zero isahau.

Kuna wasioweza kukwepa wembe, walinzi kwa mfano, na vijana wa hotelini. Nyoa baada ya kuoga, ndevu zikiwa zimelainika kwa maji ya vuguvugu na povu. Fuata zinakolala, usivute ngozi kwa vidole, usipite mara mbili palepale. Wembe wa makali mengi uogope: kali la kwanza linavuta unywele, la pili linaukata, kisha unazama chini ya ngozi. Na maji ya kisima yenye chumvi yakikupotezea povu, weka ndoo ya maji yasiyo na chumvi kwa ajili ya uso tu.

Sasa nitajiharibia biashara. Skrabu ya chengachenga baada ya kunyoa, kwa mtu mwenye vipele vibichi, ni kujitafutia madoa. Dada wa skrabu hapa kwangu ananinunia nikisema hivi. Spiriti nayo: kuungua kule si dalili kwamba inatibu. Inakausha ngozi, basi.

Duka la dawa ulizia benzoili peroksaidi, ya asilimia 2.5 au 5. Paka kidogo asubuhi baada ya kunawa. Inaua bakteria wa chunusi, lakini pia inatafuna rangi ya nguo. Taulo zangu nyeusi zote zina mabaka ya rangi ya chungwa kwa sababu yake. Usiku tumia adapalini ya asilimia 0.1, punje ya mbaazi kwa uso mzima, siku moja ndiyo siku moja hapana mpaka ngozi izoee. Itakubabua kidogo na vipele vinaweza kuongezeka mwanzoni. Usiitupe kabla ya wiki 12. Mama mjamzito asiipake.

Madoa meusi ni hadithi ndefu zaidi. Kipele kikipona, ngozi inabaki na rangi iliyojimwaga ilipokuwa inajitetea, na jua la Dar linaikoleza kila ukisimama kituoni kusubiri daladala. Krimu ya kukinga jua, SPF 30 kwenda juu, paka kila asubuhi. Najua wanaume mnacheka. Bila hiyo unafuta ubao huku mwingine anaandika. Asidi ya azelaiki inasaidia kufifisha, lakini hesabu miezi.

Mimi sikuhesabu miezi. Nilinunua kopo la mkorogo lisilo na lebo, na kwa wiki tatu nikawa kioo cha mtaa. Nilipoacha, uso ukawaka mwekundu, vipele vikarudi na ndugu zao. Daktari wa ngozi aliniambia zilikuwa steroidi. Hizo huifanya ngozi iwe nyembamba. Mikorogo mingine ina haidrokwinoni au zebaki, na zote tatu ni marufuku kwenye vipodozi nchini.

Mashimo yaliyoachwa na chunusi hayajazwi na krimu yoyote, hata muuzaji aape. Hayo ni kazi ya daktari, kwa sindano ndogondogo au njia nyingine, tena baada ya vipele kutulia kabisa.

Kinachonitisha kuliko vyote ni kisogo. Vinaanza vijipele vigumu pale nywele zinapoishia, mtu anavinyolea zero kila wiki, kola na helmeti ya bodaboda vinasugua, mwisho vinaungana kuwa kovu gumu lililovimba kama karanga zilizopangwa. Usimruhusu mtu akukatie kwa wembe mtaani. Kovu la namna hiyo likikatwa ovyo hurudi kubwa zaidi. Nenda kliniki ya ngozi, Muhimbili ipo, vikiwa bado vidogo. Na ukija kwangu, sema "kisogo usiguse" kabla sijawasha mashine, maana nikishaanza kupiga stori na wateja mkono unajiendea wenyewe.