Jinsi ya kutambua stempu zilizopigwa bei mpya nchi ilipohamia sarafu ya desimali

Hapa Kisumu, barua za miaka ya hamsini na sitini bado zimo kwenye masanduku ya bati ya wazee. Ukizipekua utakutana na stempu yenye bei ya zamani na bei nyingine iliyopigwa juu yake kwa wino mweusi, kwa mfano pale nchi ilipohamia sarafu ya desimali, yaani ile inayogawanywa kwa mia. Watu huzidhania zimeharibika wakazitupa, na hilo huniuma.

Hatua ya 1. Usiibandue wala kuiloweka. Iache kwenye bahasha yake, maana muhuri wa posta ni nusu ya ushahidi. Kama imeshabanduka, ishike kwa kibano, si kwa vidole vyenye jasho.

Hatua ya 2. Andika jina la nchi, bei ya zamani na bei mpya. Kama wino umefifia, tumia kioo cha kukuzia na mwanga wa dirishani.

Hatua ya 3. Piga hesabu uone kama bei mpya inalingana na ya zamani kwa kiwango kilichotumika kubadilisha sarafu. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, usiparuke.

Afrika Kusini ilianza kutumia randi tarehe 14 Februari 1961, pauni 1 (shilingi 20, kila shilingi peni 12) ikawa randi 2, na randi 1 ni senti 100. Basutoland (sasa Lesotho), Bechuanaland (sasa Botswana) na Swaziland (sasa Eswatini) zikaingia pamoja nayo, zikapiga senti juu ya stempu zilizokuwa na bei ya peni na shilingi. Kwa hiyo shilingi 1 ni senti 10, peni 6 ni senti 5, shilingi 10 ni randi 1. Bei ndogo zilikadiriwa: peni 1 haifiki senti kamili, ila ilipigwa senti 1. Ghana ilihamia sedi tarehe 19 Julai 1965, na tarehe hiyo imechapwa kwenye stempu zenyewe. Huko peni 1 iligeuka pesewa 1 (sehemu ya mia ya sedi), kwa hiyo shilingi 1 ni pesewa 12.

Sasa chukua stempu ambayo huwachanganya wengi hapa kwetu: ya Afrika Kusini iliyopigwa majina ya Kenya, Tanganyika na Uganda. Ina senti 70 juu ya shilingi 1. Shilingi yetu wakati huo ilikuwa na senti 100, kwa hiyo hesabu inakataa. Senti 20 juu ya peni 6? Inakataa pia, ingepaswa kuwa 50. Hizo ni za 1941 na 1942, wakati wa vita, stempu zilipoadimika. Sarafu haikubadilishwa. Zipangie ukurasa wake.

Hatua ya 4. Chunguza muhuri. Bei mpya ilipigwa kabla stempu haijauzwa, kwa hiyo wino wa muhuri lazima upite juu ya bei hiyo. Ukiona tarakimu za bei zimekaa juu ya muhuri, mtu amezipiga baadaye. Soma na tarehe pia: bei ya randi kwenye stempu iliyogongwa muhuri wa 1960 ni ya kughushi. Mimi siuzi wala sinunui stempu kabla ya kumaliza hatua hii, hata muuzaji awe rafiki.

Hatua ya 5. Linganisha maumbo. Katika yale maeneo matatu ya kusini, baadhi ya bei zilipigwa zaidi ya mara moja, na maandishi yakatofautiana. Tazama hasa umbo la herufi R (alama ya randi) na mahali ilipokaa. Zinazotofautiana usizichanganye.

Hatua ya 6. Zihifadhi. Unyevu wa ziwani hulegeza gundi na stempu hushikana, kwa hiyo weka karatasi ya siagi kati ya kurasa na usimamishe albamu wima, mbali na ukuta wa nje.