Utajuaje kama ni stresi tu au ni ugonjwa wa akili

Watu wengi wakisikia afya ya akili wanawaza mtu anayeokota makopo barabarani, ndo maana ukimwambia mtu akamwone daktari wa akili anakasirika, anaona umemtukana. Kumbe afya ya akili kila mtu anayo kama vile kila mtu ana afya ya mwili, kuna siku iko vizuri kuna siku imeyumba, na kuyumba sio lazima iwe ugonjwa. Umefiwa ukalia wiki nzima, hiyo ni huzuni. Una mtihani kesho usingizi hauji, hiyo ni stresi, mtihani ukiisha na yenyewe inaondoka.

Sasa mpaka uko wapi? Mimi huwa naangalia vitu vitatu: imedumu muda gani, ina uzito gani, na je maisha yamesimama, yaani kazi, usingizi, kula, kuoga, kuongea na watu. Hicho cha tatu ndo nakipa uzito kuliko vyote.

Tuanze na sonona, wengine wanaiita dipresheni. Madaktari wanaangalia kama dalili zimekaa angalau wiki 2, karibu kila siku: moyo mzito, au vitu ulivyokuwa unavipenda havina ladha tena, halafu usingizi unavurugika, hamu ya kula inabadilika, mwili unachoka bila kazi, unajiona huna thamani, wengine wanawaza kufa. Sio wote wanalia jamani. Nina ndugu yangu nilimkuta amekaa kitandani soksi moja kavaa nyingine kaishika mkononi, simu inaita pembeni anaiangalia tu mpaka inakata, nilivyorudi baada ya masaa mawili yuko vilevile na soksi yake mkononi. Nikamwambia acha uvivu. Hilo neno linaniuma mpaka leo, kwa sababu ule haukuwa uvivu, mtu alikuwa anaumwa na mimi nikamuongezea mzigo.

Wasiwasi nao uko hivyohivyo. Kuwa na hofu ni kawaida, inatulinda, shida ni pale hofu inapokuwa haina breki, unawaza kila kitu kwa miezi 6 na zaidi, misuli imekaza, huwezi kutulia. Kuna na ile inayokuja ghafla, moyo unadunda, vidole vinakufa ganzi, pumzi haitoshi, mtu anajua kabisa anakufa, halafu ndani ya dakika chache inafika kileleni na kuanza kushuka. Ikikutokea mara ya kwanza nenda hospitali wacheki moyo, usijiamulie mwenyewe kwamba ni hofu tu.

Baipola watu wanaichanganya sana, eti mtu asubuhi kacheka jioni kanuna basi ana baipola, hapana. Ni vipindi, mara nyingi vya siku nyingi au wiki: kuna kipindi cha sonona na kuna kipindi mtu anapanda, halali na hachoki, anaongea haraka, anatumia hela hovyo, ana mipango mikubwa mikubwa. Ndo maana sio vizuri kujinunulia dawa, dawa za sonona peke yake zinaweza kumpandisha mwenye baipola. Skizofrenia ni ile mtu anasikia sauti wengine hawazisikii au anaamini kabisa kuna watu wanamfuatilia, na usibishane naye kwamba hakuna sauti, kwake yeye ipo, we mwambie naona inakutisha, twende tukapate msaada.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na tatizo la akili, na yanayoongoza ni hayo ya wasiwasi na sonona, kwahiyo ukijiona humu hauko peke yako.

Cha kufanya: chukua daftari uandike kwa wiki mbili umelala saa ngapi, umekula nini, umeshindwa kufanya nini, uende nalo kwa daktari, maana ukifika pale kichwa kinakuwa tupu. Akupime na mwili pia, tezi ya shingo ikiwa na shida inaweza kuleta dalili kama za sonona. Na kama ni mtu wako wa karibu muulize wazi, "unawaza kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii hilo wazo, wengi wanapumua wakiulizwa. Akisema ndiyo usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari, mpeleke hospitali sikuhiyohiyo.

Matibabu yapo, kuna ya kuongea na mtaalamu na kuna dawa. Dawa za sonona zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, wengi wanaacha wiki ya kwanza wanasema hazisaidii. Ndugu yangu ilikuwa wiki ya nne ndo akaanza kusikia ladha ya chakula, na hata alivyopata nafuu hakuzikatisha ghafla, alisubiri mpaka daktari alipompunguzia kidogokidogo.