ViaRhôna: anzia juu, ushuke na mistral

Ukipanga kuendesha baiskeli ViaRhôna, njia ya baiskeli inayofuata mto Rhône, Ufaransa, usianzie baharini. Pakia baiskeli kwenye treni hadi Valence, kisha ufuate mto kusini hadi Mediterania. Bonde lile ni kama bomba: upepo wa mistral huvuma kutoka kaskazini, mara nyingi kwa zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Ukiupa mgongo unakusukuma. Ukiukabili, mikoba ya pembeni inageuka tanga na gia nyepesi kabisa haitoshi. Mbinu hii hushindwa siku ya marin, upepo wa kusini-mashariki wenye mvua. Hushindwa pia ufukweni, ukiipita Sète kuelekea Marseillan: hapo unapigwa ubavuni, na mchanga hutanda njiani. Ukiufikia mchanga, nyoosha usukani, endelea kukanyaga, usiguse breki ya mbele.