Usikaushe Mzinga Mwezi wa Sita

Wafugaji wa nyuki wa Sikonge, Uyui, Kaliua na Urambo hapa mkoani Tabora, kosa ni lile lile kila mwaka. Mwezi wa sita mtu anafungua mzinga, anatoa asali yote, majana (mayai na watoto wa nyuki ndani ya masega) nayo yanaingia kwenye ndoo, anarudisha kifuniko juu ya mzinga mtupu. Mwezi wa tisa anakuja ofisini kuuliza ni nani kamrogea nyuki wake. Hakuna aliyekuroga. Umewafukuza mwenyewe.

Mvua zetu zinakatika Aprili. Asali ya Juni imetokana na maua ya mti wa muba na maua mengine ya mwisho wa masika. Baada ya hapo miombo inapukutisha majani, vijito vinakauka, mto Ugalla wenyewe unabaki madimbwi, na wadudu wengi wa porini wanapungua au wanajificha. Mti wa mtundu unachanua kuanzia Septemba hivi, kabla ya mvua. Miezi yote ya katikati nyuki wanaishi kwa akiba, na wakiikosa wanahama kundi zima, masega wanawaachia nondo wa nta, wale wadudu wanaokula masega.

Sasa fanyeni hesabu ambayo wengi mnaikwepa. Yai la nyuki kibarua linakaa siku 3, buu analishwa siku 6, kisha chumba kinazibwa kwa nta siku 12. Jumla 21. Akitoka haendi porini moja kwa moja. Kwa wiki 3 hivi anafanya kazi za ndani: kusafisha, kulisha majana, kujenga masega. Zimefika siku 42. Kwa hiyo nyuki wa kuchota maua ya mtundu katikati ya Septemba ametagwa mwanzoni mwa Agosti. Malkia hatagi inavyotakiwa kama ndani hakuna chakula. Hata kundi lililovumilia bila kuhama litafika Septemba likiwa na nyuki wachache, na maua yatapita bure. Ndoo moja ya tamaa mwezi wa sita inakula mavuno ya Novemba na Desemba.

Basi rineni asali hivi. Anzeni jioni, jua likishapoa. Sega linalotolewa ni lile lililozibwa kwa nta robo tatu au zaidi. Lililo wazi lina maji mengi na asali yake itachacha. Sega lenye majana haliguswi, hata kama pembeni lina asali inayokutamanisha. Kwenye mzinga wa vipau vya juu, bakizeni masega yasiyopungua manane, ukijumlisha ya majana, na kati yake masega mawili au matatu yawe yamejaa asali. Kwenye mzinga wa gogo au wa gome huwezi kuhesabu vizuri, kwa hiyo ingieni upande ulio mbali na mlango wa nyuki, mkifika kwenye sega la kwanza lenye majana mmefika mpaka. Rudini sega moja nyuma, na hilo liacheni. Theluthi moja ya asali ibaki. Nasema theluthi, na wapo watakaoacha kipande cha kiganja na kuniambia wameacha.

Na mwenge wa moto hapana. Tumieni bomba la moshi. Nyuki mliowachoma Juni ndio walinzi na wachotaji wenu.

Maji nayo yanasahaulika. Julai hadi Oktoba wekeni karai lenye mawe au vijiti vya kutulia, mita 100 hivi kutoka mizingani, na lisikauke hata siku moja, maana nyuki wakishazoea chanzo hawabadilishi kirahisi. Bila hivyo wataenda kunywa kwenye vitalu vya tumbaku mabondeni, palipopuliziwa sumu ya wadudu. Wenye vitalu, pulizieni jioni nyuki wakiwa wamerudi, na msioshee bomba la kupulizia kijitoni.

Ukiona Agosti nyuki wanaingia na chavua miguuni (unga wa maua wa kulishia majana), uko salama.

Siafu wanazidi kutembea ardhi ikilowa, kwa hiyo kabla ya mvua za Novemba pakeni grisi nyaya zote za kuning'inizia, fyekeni nyasi chini ya mzinga, na kateni kila tawi linaloigusa mizinga. Tawi moja tu linatosha kuwa daraja.